Baada ya Miaka 15 Mezani: Mfanyakazi wa Kasino Aondoke Lini, na Aende Wapi?

Mwaka 2025 Rwanda ilipandisha kodi ya michezo ya kubahatisha kutoka asilimia 13 hadi asilimia 40 ya kile kinachobaki kwa kampuni baada ya kuwalipa washindi. Kodi inayokatwa kwenye ushindi wa mchezaji nayo ikatoka asilimia 15 hadi 25. Tangu hapo maneno yamekuwa mengi, na mengi yanagongana. Mmoja anasema kasino zinafungwa, kwa hiyo kila aliye ndani aandike barua ya kuacha kazi mapema. Mwingine anasema asithubutu, maana aliyekaa miaka 15 ana haki zake, na akiandika barua amezitupa. Wa tatu anashangaa mtu wa Mudende, sekta ya wilaya ya Rubavu, anahangaikia nini, ilhali kwao kuna udongo mweusi wa volkano, viazi na ng'ombe wa maziwa.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ila vipande hivyo vimetoka katika sheria tofauti, nchi tofauti na hata biashara tofauti, kisha vinatolewa kama ushauri mmoja. Kabla mtu hajaamua, inafaa kuvitenganisha.

Kasino si duka la kubeti

Mtaani biashara tatu hutiwa kapu moja. Kuna duka la kubeti mpira. Kuna mashine za sarafu, ambazo Wanyarwanda huziita ibiryabarezi. Halafu kuna kasino yenyewe, yenye meza za ruleti, blakijaki na poka, keshia nyuma ya kioo na kamera juu ya kila meza. Nchini Rwanda zote ziliwekwa chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwisho wa 2011, na kodi mpya inazigusa zote. Wafanyakazi wake, hata hivyo, hawafanani. Anayeuza tiketi za kubeti hujifunza kazi kwa siku chache, na akiondoka hapotezi ufundi wowote mkubwa. Mgawa karata, au dila kama wenyewe wanavyoitana, amefundishwa kwa wiki nyingi na kunolewa kwa miaka.

Chukua ruleti. Chipu moja juu ya namba hulipa 35. Ikiwekwa kwenye mstari kati ya namba mbili hulipa 17. Kwenye safu ya namba tatu, 11. Kwenye pembe ya namba nne, 8. Kwa namba sita, 5. Mpira ukitua, namba iliyoshinda inaweza kuwa imezungukwa na chipu za rangi nne au tano, kila rangi ya mchezaji wake. Mwenye rangi ya bluu ana 3 juu ya namba, 4 kwenye mstari na 2 kwenye pembe: 105, 68 na 16, jumla 189. Dila anapiga hesabu hiyo kichwani, anaitamka, anasukuma malipo na kugeukia rangi inayofuata, mbele ya watu waliokunywa na wasiopenda kusubiri. Akibadilishwa zamu, haondoki mezani kabla ya kugeuza viganja juu na chini mbele ya kamera kuonyesha kuwa hajabeba kitu.

Ni ufundi wa kweli huo: hesabu, kasi, uaminifu, utulivu mbele ya mtu aliyepoteza pesa. Lakini nje ya ukumbi hakuna tangazo la kazi linaloutaja kwa jina, na hakuna shule ya ufundi inayoutolea cheti kinachokubalika benki au hotelini. Ndiyo maana swali la kuondoka humbana dila kuliko linavyombana muuza tiketi.

Kinachowasukuma nje

Kodi ndiyo sababu inayosemwa zaidi, na ina uzito. Kampuni iliyokuwa ikitoa 13 katika kila 100 na sasa inatoa 40 lazima ipunguze mahali, na mishahara ni mahali pepesi pa kukata. Kenya inatoa mfano, ingawa ni wa kubeti na si wa kasino. Mwaka 2019, serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa katika mgogoro wa kodi, SportPesa na Betin zilisimamisha biashara nchini humo, na Betin peke yake ilitangaza kuachisha watu wapatao 2,500. Ilichukua miezi michache tu. Aliyekuwa na mpango alikuwa ameupanga kabla.

Kuna pia kumbukumbu ya korona. Kumbi za michezo ya kubahatisha Rwanda zilifungwa Machi 2020 na kukaa zimefungwa zaidi ya mwaka mmoja, wakati biashara nyingine zilikuwa zimeanza kupumua. Funzo lililobaki kwa wafanyakazi ni kwamba serikali ikipanga foleni ya kufungua, kasino husimama mkiani. Hakuna waziri anayepata sifa kwa kuiwahisha.

Simu nayo inakula taratibu. Mchezaji anayeweza kuzungusha ruleti kitandani hana haja ya kuvaa viatu, na ruleti ya mashine haitaki dila wala chakula cha saa nane za usiku.

Sababu ya nne husemwa kwa sauti ya chini: mwili. Kasino huishi usiku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na likarudia uamuzi huo 2019. Ongeza kusimama kwa saa nyingi, na usingizi wa mchana katika nyumba yenye watoto.

Kwa Mudende kuna jambo la tano ambalo mtu wa Kigali huenda asilifikirie. Mudende ndiko kilikoanzia Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza 1984 na kuhamia Kigali baada ya 1994. Mafundisho ya kanisa hilo yanakataa kamari moja kwa moja. Tena Sabato inaingia Ijumaa jua likizama, saa ileile ambayo ukumbi unajiandaa kwa usiku wenye wateja wengi kuliko wote wa wiki. Kijana wa familia ya Kiadventista akiingia kazi hii hupambana na mambo mawili, aina ya kazi na ratiba yake, na la pili halirekebishiki hata meneja akiwa mwema kiasi gani.

Hoja ya kwanza: kaa mpaka kampuni ikupunguze

Watetezi wa hoja hii wanaanza na sheria, na hapo hawajakosea. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu alipe si chini ya ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka 20 ni siku 300. Tanzania, sheria ya 2004 inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, na hesabu inasimama kwenye miaka 10. Kwa hiyo mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye miaka 20 anapata siku 70, sawasawa na mwenzake mwenye miaka 10. Uganda sheria inaacha kiasi kijadiliwe kati ya pande mbili. Rwanda, sheria ya kazi ya 2018 inatoa malipo kwa anayeachishwa kwa sababu za kiuchumi baada ya angalau miezi 12 ya kazi, na kima chake hupanda kwa ngazi kadiri miaka inavyoongezeka.

Malipo hayo yanamfuata anayeachishwa. Anayeandika barua mwenyewe hutoa notisi yake, ambayo Rwanda ni siku 30 kwa aliyezidi mwaka, na kuondoka na mshahara wa siku alizofanya pamoja na likizo asiyoichukua. Kwa mtazamo huo, kuwahi kuandika barua wakati kampuni inajiandaa kupunguza watu ni kumwachia mwajiri pesa mezani.

Udhaifu wa hoja hii uko mahali pawili. Kwanza, haki ya kulipwa si pesa mkononi. Kampuni inayofungwa ikiwa na deni la kodi, deni la pango na meza za kukodi humwacha mfanyakazi akiwa mdai mmoja kati ya wengi. Pili, inasubiri uamuzi wa mtu mwingine. Kasino ikibahatika kuvumilia miaka 6 zaidi, mwenye umri wa miaka 38 atatoka akiwa na 44, na nchi zetu haziajiri kwa urahisi mtu wa 44 anayeanza upya.

Kuna tatizo la tatu ambalo halizungumzwi, nalo ni zito kuliko yote mawili. Malipo haya yote hupigwa kwa mshahara ulioandikwa, na dila hakuishi kwa mshahara peke yake. Aliishi kwa tipu. Mchezaji akishinda hutupa chipu, dila huigonga mezani ili kamera na msimamizi wasikie, kisha huidondosha kwenye sanduku. Sanduku hugawanywa kwa utaratibu wa nyumba. Hiyo ndiyo iliyolipa ada za shule.

Tuhesabu kwa mfano wa kubuni. Dila ana mshahara wa faranga 200,000 kwenye karatasi na wastani wa 150,000 za tipu. Anaishi maisha ya 350,000. Kanuni ya pensheni ya Rwanda hutoa asilimia 30 ya wastani wa mshahara kwa miaka 15 ya michango, kisha asilimia 2 kwa kila mwaka unaozidi. Kwa miaka 20 ni asilimia 40, yaani 80,000. Ukiilinganisha na mshahara, si mbaya. Ukiilinganisha na maisha aliyoyazoea, haifiki hata robo. Na haianzi kulipwa siku anayotoka. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 60. Aliyetoka na miaka 40 ana miaka 20 ya kusubiri huku thamani ya faranga ikipungua.

Hoja ya pili: ondoka mapema, ungali na nguvu

Kundi hili linaona kila mwaka wa ziada ukumbini kama mwaka unaopunguza thamani ya mtu sokoni. Wana hoja. Ufundi wa ruleti ukishakamilika baada ya miaka mitatu au minne hauongezeki sana. Anayebaki anarudia mwaka uleule, isipokuwa apande kuwa msimamizi wa meza, na nafasi hizo ni chache. Afya nayo haina fidia ya kuachishwa.

Lakini mapema ni lini? Hapa ndipo ushauri wa mtaani unapoumiza watu. Mfuko wa pensheni wa RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda, unataka miaka 15 ya michango ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi. Chini ya hapo hupewa malipo ya mkupuo, ambayo ni madogo na huisha. Anayeondoka kwenye mwaka wa 13 kwa sababu rafiki amemwambia "toka sasa" amejikatia njia karibu na mstari wa mwisho. Anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari akiwa nje, na ni jambo la busara, ila linahitaji nidhamu ambayo mtu aliyepoteza kipato huwa haanzi nayo. Mambo pia yamebadilika: tangu Januari 2025 michango imepanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mwajiriwa, na mpango ni kufika 20 ifikapo 2030. Miaka ya sasa inajenga zaidi kuliko miaka ya nyuma, jambo linaloipa nguvu kidogo hoja ya kubaki.

Hoja ya tatu: hama, usitoke

Wengine wanasema ufundi upelekwe unakotakiwa: Nairobi, Kampala, meli za watalii, au Ghuba. Umoja wa Falme za Kiarabu uliunda mamlaka ya michezo ya kubahatisha 2023, na kampuni ya Wynn ya Marekani ilipewa leseni mwaka uliofuata kwa hoteli yake ya kasino inayojengwa Ras Al Khaimah. Kwa dila wa miaka 28 hiyo ni nafasi. Kwa wa miaka 43 mwenye watoto watatu, ni kuahirisha swali kwa mkataba wa miaka miwili.

Kuna mlango wa ndani unaodharauliwa. Kanuni za kimataifa dhidi ya utakatishaji wa fedha zinaitaka kasino imtambue mteja anayefanya muamala wa kuanzia dola 3,000. Keshia na wasimamizi waliofanya kazi hiyo kwa miaka wamezoea vitambulisho, kumbukumbu na kutoa taarifa za miamala ya kutia shaka. Benki, maduka ya kubadilisha fedha na kampuni za pesa kwa simu zinahitaji watu wa namna hiyo. Aliyekaa upande wa keshia anaondoka akiwa na la kuandika kwenye maombi ya kazi. Aliyekaa kwenye meza tu hana. Mwenye nia ya kutoka baada ya miaka mitano angeomba kuhamishiwa kwa keshia leo, hata kama sehemu yake ya tipu itapungua.

Hoja ya nne: rudi Mudende

Hii ndiyo hoja inayopendwa na familia, na inayohitaji kuangaliwa kwa jicho kavu. Rubavu, pamoja na Musanze, Burera na Nyabihu, ni kitovu cha viazi Rwanda. Udongo wa volkano unashika rutuba, mvua ni nyingi, baridi inafaa. Kinigi, kiazi chenye ganda jekundu, kinapendwa sokoni. Maziwa yana wanunuzi. Mpaka wa Goma, mji wa Kongo, uko karibu, na kivuko kile kidogo cha mjini Gisenyi ni kati ya vivuko vya mpakani vyenye wapita njia wengi zaidi Afrika.

Mvua hiyohiyo inayokuza kiazi inakuza ugonjwa wa bakajani. Katika msimu wa mvua mkulima hupuliza dawa karibu kila wiki, na akichelewa shamba linageuka jeusi kwa siku chache. Mnyauko wa bakteria ukiingia udongoni, hautoki kwa dawa. Mbegu safi ni ghali. Vipande vya ardhi ni vidogo, na mrithi aliyekuwa mjini miaka 15 mara nyingi hukuta ndugu zake ndio wanaokitegemea kile anachokiita "shamba letu". Viazi vyote vya msimu hutoka pamoja, na wachuuzi wanalijua hilo. Halafu kuna Goma. Waasi wa M23 walipouteka mji huo Januari 2025, benki zake zilifungwa na biashara ya kuvuka mpaka ikayumba. Soko lililo umbali wa mwendo wa gari mfupi linaweza kuwa mbali sana asubuhi ya siku moja.

Kilimo kinawafaa wanaotoka kasino kama kazi ya pili iliyoanza miaka kadhaa kabla ya kutoka, kwa pesa ndogo, wakati mshahara bado unaziba makosa. Kama mahali pa kumwaga mafao yote kwa mkupuo, kinawaumiza. Ng'ombe mmoja aliyenunuliwa kwa tipu za mwaka 2023 ana thamani kuliko watano wanaonunuliwa kwa fidia ya 2026 na mtu asiyejua bei ya majani. Mikopo nayo inafuata karatasi: kila sekta ya Rwanda iliwekewa chama chake cha akiba na mikopo, Umurenge SACCO, lakini chama hicho kinataka kuona akiba iliyowekwa, na tipu zilizokaa mfukoni hazionekani popote.

Mizani

Hoja hizi nne zinapopimwa, zinagombania saa ya kuondoka, wakati uamuzi mwingi umeshafanywa na jambo jingine: ni kiasi gani cha kipato cha miaka yote hiyo kiliandikwa. Aliyeweka tipu zake EjoHeza, mpango wa akiba ya muda mrefu ulioanzishwa mwishoni mwa 2018, au SACCO, au hata kwenye kikundi chenye daftari, anaweza kufuata hoja yoyote kati ya hizi akafika. Aliyezila zote hana hoja inayomwokoa kikamilifu.

Nikilazimika kuchagua, ningetenga watu kwa miaka yao ya michango. Mwenye 12 hadi 14 abaki mpaka afike 15, kelele za kodi ziwe zipi. Gharama ya kutoka sasa ni kubwa mno, na kama kampuni itaanguka kabla, amalizie kwa mchango wa hiari. Mwenye zaidi ya 15 hana sababu ya kuharakisha barua wakati upunguzaji unanukia, lakini atumie kila mwezi wa kusubiri kuhamia upande wa keshia au kujenga kitu nje. Mwenye chini ya 8, na hasa ambaye usiku umeshamchosha, aondoke. Fidia anayoisubiri ni ndogo kuliko miaka atakayoipoteza. Na mwenye mgongano wa Sabato asijidanganye kwamba ratiba itabadilika.

Linabaki la serikali. Sanduku la tipu hufunguliwa na kuhesabiwa chini ya kamera, na hesabu yake huandikwa na kutiwa saini. Namba ipo tayari ndani ya kasino. Haifiki tu RSSB. Mamlaka inayotoa leseni ingeweza kuagiza iingizwe kwenye mshahara unaochangiwa, kama ambavyo tangu 2025 posho ya usafiri imeingizwa kwenye hesabu ya michango ya pensheni. Kampuni zingelalamika kwa sababu ya nusu yao ya mchango. Wafanyakazi wenyewe huenda wangelalamika zaidi, maana tipu zingekatwa kodi ya mshahara pia, na dila wa miaka 25 anataka pesa yake leo usiku. Ni mvutano halisi, na sioni namna ya kuumaliza bila mtu kukasirika. Kuanza na nusu ya tipu badala ya zote kungepunguza hasira hiyo.